Maswali ya Wasomaji: Bakteria Anajuaje Kwamba DNA Yake Imeharibika?

Barua tano tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna bakteria anavyoziwasha na kuzizima jeni zinazokarabati DNA yake. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine nne yanaitegemea.

Shikamoo, Mwalimu. Ninasoma kidato cha sita na nimekwama kwenye mada ya udhibiti wa jeni. Tumefundishwa kwamba jeni za kukarabati DNA katika bakteria huwashwa pale DNA inapoharibika. Lakini bakteria hana macho wala neva. Ni kitu gani hasa ndani yake kinachotambua uharibifu? Na kwa nini jeni muhimu kama hizo zisiachwe zikiwa zimewashwa muda wote? — Mwanafunzi, Tanga

Marahaba. Kinachotoa taarifa ni DNA yenyewe, na kwa usahihi zaidi ni kipande cha DNA kilichobaki na uzi mmoja mahali palipopaswa kuwa na nyuzi mbili. Tumtumie Escherichia coli, bakteria wa utumboni ambaye amechunguzwa katika jambo hili kuliko mwingine yeyote. Akipigwa na mionzi ya urujuanimno, besi mbili za thaimini zinazokaa jirani katika uzi mmoja huungana, na DNA hupinda mahali hapo. Kidonda hicho chenyewe hakiamshi kitu. Mambo huanza pale polimerasi III, yaani kimeng'enya kinachonakili kromosomu, inapokifikia na kushindwa kuzisoma besi zilizoungana. Inakwama, unakili unaanza tena mbele kidogo, na nyuma yake linabaki pengo ambamo uzi mmoja umekaa bila mwenzake.

Hapo ndipo protini iitwayo RecA inapoingia kazini. Seli huwa na maelfu ya molekuli zake hata wakati hakuna tatizo lolote, lakini zinapokuta DNA ya uzi mmoja, na ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) ikiwapo, hujipanga juu yake moja baada ya nyingine, kila molekuli ikifunika besi 3, hadi ukafanyika msokoto mrefu wa protini uliojizungusha kwenye DNA. Msokoto huo ndio ishara. Uharibifu ukiwa mkubwa, misokoto huwa mingi na hudumu. Ukiwa mdogo, huwa michache na hutoweka upesi, kwa hiyo seli haihitaji chombo kingine cha kupimia hali yake.

Upande wa pili iko LexA, protini ya asidi amino 202 ambayo kazi yake ni kuzuia. Molekuli zake huungana mbili mbili na kukaa juu ya kipande cha DNA chenye besi 20 hivi, kilichopo mwanzoni mwa jeni inayohusika, na zikishakaa pale kimeng'enya kinachosoma jeni hakipati nafasi ya kuanza. Katika E. coli jeni zipatazo 40 zimezuiwa namna hiyo. LexA inapogusana na msokoto wa RecA, hujikunja kiasi kwamba sehemu yake yenye uwezo wa kukata hulifikia ungio lililo kati ya asidi amino ya 84 na ya 85, ikajikata vipande viwili na kupoteza uwezo wa kuishika DNA barabara. Utasoma mahali pengi kwamba RecA ndiyo inayoikata, lakini mwaka 1984 John Little alionyesha kwamba LexA safi, ikiwekwa peke yake katika mmumunyo wa alikali, hujikata mahali palepale bila RecA kuwapo. RecA huiharakisha tu kazi ambayo LexA ina uwezo nayo tangu mwanzo. Na kasi yenyewe ni kubwa: katika seli tulivu nusu ya LexA iliyopo huchukua takribani saa 1 kutoweka, ilhali baada ya mionzi nusu hiyo hutoweka kwa takribani dakika 1.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi. Jeni hizi haziachwi wazi muda wote kwa sababu baadhi yake zina madhara kwa seli yenye afya, na ndiyo maana haziwashwi zote kwa mpigo. Kiini cha mfuatano unaoshikwa na LexA huanza na CTG na kuishia na CAG, besi 10 zikiwa katikati. Jeni ambayo mfuatano wake unakaribia ule uliokamilika hushikwa kwa nguvu. Jeni ambayo mfuatano wake umepotoka kidogo hushikwa kwa ulegevu. LexA inapoanza kupungua, zinazoachiwa kwanza ni zile zilizoshikwa kwa ulegevu, nazo ni uvrA, uvrB na uvrD. Protini zake hushiriki katika kukikata kidonda pamoja na besi 12 hivi za uzi uleule, na pengo hujazwa kwa kuunakili uzi wa pili ulio mzima. Ukarabati huo ni safi na hauachi makosa.

Ikiwa huo umetosha, mambo huishia hapo. Ikiwa haukutosha, LexA huendelea kupungua na jeni zilizoshikwa kwa nguvu zaidi hufunguka. Mojawapo ni sulA, ambayo protini yake huishika FtsZ, ile inayojenga ukuta wa kuigawa seli, na kuizuia isifanye kazi, ili seli isije ikagawanyika na kumrithisha mtoto kromosomu iliyokatika. Seli huendelea kurefuka bila kugawanyika. Mwisho kabisa huja umuC na umuD, zinazojenga polimerasi V, ambayo huweza kupita juu ya kidonda bila kukitengeneza, kwa kuweka besi mbele yake hata kama si ile inayostahili. Hata hapo bado kuna kizuizi kingine: protini UmuD ikishatengenezwa haifanyi kazi mpaka nayo ijikate kwa msaada wa msokoto wa RecA, ikizidondosha asidi amino 24 za mwanzo. Maana yake ni kwamba baada ya zaidi ya nusu saa hivi tangu mionzi ipige, seli inaulizwa tena kama hali bado ni mbaya, na misokoto isipokuwapo polimerasi V haipati nafasi.

Kuzima nako hakuhitaji amri mpya. Jeni ya LexA yenyewe imo miongoni mwa zile zinazozuiwa na LexA, hivyo wakati wote wa hatari protini hiyo hutengenezwa kwa wingi na kuharibiwa papo hapo. Mapengo yakishajazwa, misokoto ya RecA huvunjika, LexA mpya hubaki nzima, na jeni hufungwa tena, huku kimeng'enya kiitwacho Lon kikiimeng'enya SulA iliyobaki ili seli irudi kugawanyika.

Hujambo, Mhariri. Ninafundisha biolojia katika shule ya upili. Huwaambia wanafunzi kwamba mionzi ya urujuanimno husababisha mabadiliko ya jeni katika bakteria. Mwenzangu wa idara anashikilia kwamba bakteria mwenyewe ndiye anayeyafanya. Ni nani aliye sahihi? — Mwalimu, Kisumu

Sijambo, Mwalimu. Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, na ushahidi wake ni wa aina ambayo wanafunzi wako wataufurahia. Mionzi huacha vidonda. Kidonda hugeuka kuwa badiliko la kudumu pale tu seli inapokinakili vibaya, na katika E. coli kazi hiyo ya kunakili vibaya ina jeni zake maalumu.

Evelyn Witkin, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alianza kuwapiga E. coli kwa mionzi huko Cold Spring Harbor, Marekani, katika kiangazi cha mwaka 1944. Aina aliyoitumia, iitwayo B, ilikuwa dhaifu sana mbele ya mionzi, na chini ya hadubini aliziona seli zake zikirefuka kama nyuzi na kufa bila kugawanyika. Wachache walionusurika walizaa kizazi kisichorefuka hivyo, akakiita B/r. Leo tunajua sababu: aina B haina Lon, kwa hiyo SulA ikishatengenezwa haiondoki, na wale walionusurika walikuwa na hitilafu kwenye sulA. Mwaka 1953 Jean Weigle naye aliona jambo lililomshangaza. Virusi wa bakteria aitwaye lambda, akishapigwa mionzi, alinusurika zaidi akiingizwa ndani ya bakteria ambaye pia amepigwa mionzi, na walionusurika walikuwa na mabadiliko mengi zaidi ya jeni.

Kipimo kilichoamua kilitokana na bakteria wenye hitilafu kwenye jeni recA, au kwenye lexA kiasi kwamba LexA haiwezi kujikata. Wakipigwa mionzi hufa kwa wingi, lakini wale wachache wanaobaki hawana mabadiliko yaletwayo na mionzi. Kama mionzi ingekuwa inayaandika mabadiliko yenyewe moja kwa moja, basi hao dhaifu ndio wangekuwa wamejaa mabadiliko kuliko wote. Witkin alipendekeza mwaka 1967 kwamba kurefuka kwa seli na kuamka kwa virusi lambda aliyelala ndani ya kromosomu vinaongozwa kwa namna moja, na mwaka 1970 Miroslav Radman aliwasambazia wenzake andiko fupi lililodai kwamba yote haya, pamoja na mabadiliko ya jeni, ni sehemu za mwitikio mmoja, akauita SOS. Mwaka 1980 Cynthia Kenyon na Graham Walker waliipachika jeni ya kutoa rangi sehemu mbalimbali za kromosomu ya E. coli bila kuchagua mahali, kisha wakatafuta makoloni ambayo rangi yake ilizidi pale tu dawa ya kuharibu DNA iitwayo mitomisini C ilipokuwapo. Kwa njia hiyo waliziona jeni zenyewe zikiwaka. Napenda sana jaribio hilo, kwa sababu hawakuhitaji kubashiri mapema jeni zinazohusika ni zipi.

Kuhusu polimerasi V, mwaka 1999 ndipo makundi mawili, la Myron Goodman huko Marekani na la Zvi Livneh huko Israeli, yalipoonyesha kwamba kweli ni kimeng'enya cha kunakili. Haina sehemu ya kusahihisha makosa. Mbele ya thaimini mbili zilizoungana kwa namna ya kawaida huweka adenini mbili, na hapo huwa imepata. Lakini mbele ya zile zilizoungana kwa pembe nyingine mara nyingi huweka guanini pasipostahili, na hilo ndilo badiliko utakaloliona katika kizazi kinachofuata. Bakteria asiye na umuC au umuD hufa zaidi kidogo kwa mionzi, lakini habadiliki.

Ndugu Mhariri, kijijini kwetu tunaanika maji ya kunywa juani katika chupa za plastiki. Nimesikia bakteria wanaweza kujikarabati baada ya mionzi. Je, tunajidanganya? — Msomaji, Dodoma

Hapana, hamjidanganyi, mradi mfuate masharti. Chupa ya plastiki huzuia sehemu kubwa ya mionzi mikali inayounganisha thaimini, na kinachoua zaidi humo ndani ni mionzi laini ya urujuanimno ikishirikiana na oksijeni iliyoyeyuka majini, ambayo huharibu protini na utando wa seli, siyo DNA peke yake. Seli iliyoharibika pande zote hizo haiokolewi na jeni zake za ukarabati. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kimaasai wilayani Kajiado, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba maji yaliyoanikwa hivyo yalipunguza kuhara. Chupa iwe angavu, isizidi lita 2 hivi, maji yasiwe na tope, nayo ikae juani saa 6, au siku 2 mfululizo kama mawingu yametanda.

Wasiwasi wako una mashiko zaidi kwa taa za kusafishia maji, ambazo kazi yake kubwa ni kuharibu DNA. Huko, dozi ikiwa ndogo, bakteria wanaweza kurudi, na wengi wao hawasubiri SOS: wana kimeng'enya kiitwacho fotoliasi ambacho huzitenganisha thaimini zilizoungana kwa kutumia nguvu ya mwanga wa buluu, na uwezo huo wa mwanga wa kuwaokoa bakteria waliopigwa mionzi uligunduliwa na Albert Kelner mwaka 1949. Kwa hiyo maji yaliyopitishwa kwenye taa yahifadhiwe gizani, katika chombo kilichofunikwa.

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Wagonjwa wengi wananunua vidonge viwili vitatu vya siprofloksasini dukani, wakipata nafuu wanaacha. Tunaambiwa kwamba hilo huleta usugu. Je, ni kweli dawa yenyewe humfanya bakteria abadilike? — Muuguzi, Kigoma

Kwa dawa hiyo hasa, ushahidi upo, na ninakusihi uwaeleze wagonjwa wako. Siprofloksasini hukinasa kimeng'enya kinachoisokota na kuisokotoa DNA kikiwa kimeshaikata, hivyo kromosomu hubaki na mikato ya nyuzi zote mbili. Seli huzichonga ncha za mikato hiyo hadi ukatokeza uzi mmoja, RecA hujipanga juu yake, LexA hujikata, na hatua zote nilizomweleza mwanafunzi wa Tanga hufuata. Dozi ikiwa kamili, bakteria wengi hufa kabla hatua za mwisho hazijawafaa kitu. Dozi ikiwa ya kuumiza bila kuua, hubaki hai na mwitikio ukiwa umewaka, na zile polimerasi zenye makosa zikiwa kazini. Mwaka 2005 kundi la Floyd Romesberg liliwaambukiza panya aina ya E. coli ambayo LexA yake haiwezi kujikata, kisha likawatibu kwa siprofloksasini au rifampisini. Usugu haukujitokeza, ilhali kwa bakteria wa kawaida ulijitokeza.

Hata hivyo tusiseme kwamba dawa humfundisha bakteria la kufanya. Mabadiliko hutokea popote kwenye kromosomu bila mwelekeo, mengi humdhuru bakteria mwenyewe, na dawa huwabakiza wale wachache waliobahatika. Usugu mwingi tunaouona hospitalini pia hautokani na mabadiliko mapya, bali na jeni zilizokwisha kutengenezeka ambazo bakteria hupeana.

Lakini hata huko kupeana SOS inahusika, na kwa mkoa kama wenu ambao umewahi kupambana na kipindupindu hili si jambo la mbali. Vibrio cholerae wengi wamebeba kipande cha DNA kiitwacho SXT, chenye jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa zikiwemo sulfamethoksazoli na trimethoprimu. Kipande hicho hukaa kimya ndani ya kromosomu kwa sababu kina kizuizi chake, na mwaka 2004 kundi la Matthew Waldor lilionyesha kwamba mwitikio wa SOS hukiondoa kizuizi hicho, hivyo kipande kikaruka kwenda kwa bakteria mwingine kwa wingi zaidi. Siprofloksasini ni miongoni mwa vilivyouchochea mruko huo. Sababu ya namna hiyohiyo huwafanya madaktari waepuke antibiotiki kwa mgonjwa anayeharisha damu kwa E. coli mwenye sumu ya Shiga: jeni za sumu hiyo zimo ndani ya virusi aliyelala kwenye kromosomu, na SOS humwamsha.

Ninapima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Je, bakteria wote hutumia LexA na RecA, na huyu wetu yukoje? — Mteknolojia wa maabara, Dar es Salaam

Si wote. Bakteria wa kisonono hana LexA. Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa mwaka 1956 katika nyama ya kopo iliyopigwa mionzi huko Oregon na bado ikaharibika, hutegemea kizuizi kingine kiitwacho DdrO, ambacho hukatwa na kimeng'enya PprI pale DNA inapovunjika. Na hata E. coli mwenyewe ana njia ya pili kwa kemikali zinazobandika metili (kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni) kwenye DNA, ambayo Leona Samson na John Cairns waliieleza mwaka 1977: protini Ada huing'oa metili kutoka kwenye DNA na kuibeba yenyewe daima, bila kurudi katika hali yake ya kwanza. Metili inayoichukua kwenye uti wa DNA huigeuza kuwa kiwashaji cha jeni yake na jeni wenzake, kwa hiyo kidonda kilichotengenezwa ndicho kinachoagiza protini zaidi.

Mycobacterium tuberculosis anazo LexA na RecA, lakini jeni zake nyingi za ukarabati ziko chini ya PafBC, jozi ya protini ambayo haizuii bali huwasha. Nafasi yake katika jambo hili ilielezwa mwaka 2017. Zile chache zinazobaki kwa LexA ni pamoja na dnaE2, yaani polimerasi yenye makosa inayofanya kazi inayofanana na ile ya polimerasi V. Mwaka 2003 Helena Boshoff, Valerie Mizrahi na wenzao walionyesha kwamba bakteria aliyenyimwa dnaE2 huwa na ustahimilivu mdogo zaidi ndani ya panya, na usugu dhidi ya rifampisini hujitokeza kwa nadra. Usugu huo ndio unaousaka kila siku kwenye makohozi, nao katika sampuli nyingi ni badiliko la besi moja tu kwenye rpoB, jeni ya kimeng'enya kinacholengwa na rifampisini. Ndiyo sababu rifampisini haitolewi peke yake katika kutibu kifua kikuu: bakteria aliyebadilika kwenye rpoB hukutana na isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli katika mapafu yaleyale, na kwa kila moja ya hizo angehitaji badiliko jingine mahali pengine kwenye kromosomu.